Goti

Shairi hili halina mizani.
Mniwie radhi, wajuzi wa vina:
mizani nimeishika misimu mitatu
na mnajua nilivyoitendea.

Ghala la Lukuledi, Oktoba,
vumbi la korosho linawasha kope,
foleni ya magunia mpaka barabara ya Nachingwea,
nami na kalamu sikioni.
Hakuna aliyeliona goti langu
likilisukuma gunia juu, kwa chinichini,
kidogo tu, kama unavyomnyanyua mtoto aone maandamano.
Themanini ikasoma sabini na saba.
"Unyevu, mama. Kazianike tena."
Ikifika jioni, zile tatutatu
zilikwisha kuwa magunia kamili
yasiyo na shamba wala jasho.

Kwaresima ikanikuta chini ya bati jipya
na usingizi sina.
Mvua ikigonga, nasikia korosho zinamiminwa.

Nikaenda kwa Padre Severini.
Goti lilelile
likatua kwenye ubao wa kitubio. Likauma.
Nikasema yote, hata nisiyokuwa nimepanga kusema.
Akanyamaza muda wa mtu kumenya chungwa.
Kisha: "Mwizi wa msalabani hakurudisha kitu.
Aliingia peponi mikono mitupu.
Lakini yake ilikuwa imepigiliwa.
Yako je?"
Akaniondolea dhambi palepale,
kabla sijalipa hata senti,
na hilo lilinitoa machozi
kuliko ambavyo kugombezwa kungenitoa.

Bi Tekla Nannauka alikuwa anamenya ming'oko.
Nilikuja na bahasha ya kaki, na hotuba.
Hotuba iliniishia uani.
"Nilijua," akasema. "Bega hili limebeba gunia tangu bondeni.
Bega halidanganywi na kalamu.
Mwaka wa kwanza nilikulaani.
Wa pili nikakuombea ufe, na nilifunga kwa hilo.
Wa tatu nikachoka. Nikamwambia Bwana,
mchukue Wewe huyu, mimi simwezi."

Akahesabu noti mara mbili, akilowesha kidole ulimini,
akanirudishia elfu nne.
"Umezidisha."
Ziache tu, mama, nikasema.
"Msamaha nimekupa bure.
Usiniharibie kwa bakshishi."
Akasogeza bakuli, pilipili pembeni,
tukala. Jogoo wake akanipanda kiatu
na hakuna aliyemfukuza.

Si wote walikuwa Tekla.
Mzee Kalisti Mchopa alifunga mlango, na komeo nikalisikia.
Nilirudi Jumapili, akafunga tena.
Ana haki na mlango wake.
Mmoja alikwisha kuzikwa; fedha nilimpa mkwewe,
na sijui kama marehemu huletewa stakabadhi.
Wengine majina yamefutika daftarini kwa maji,
hao nawataja kwa idadi ya magunia:
wa mawili, wa matano, wa nusu.

Kalamu niliirudisha chamani.

Usiku huiwaza mizani nyingine.
Nawekwa juu yake, gunia bovu,
nusu korosho, nusu maganda,
na sindano haifiki hata nusu.
Uzito wangu naujua; karani hujijua.
Hapo hutokea mkono wenye tundu
ukakandamiza upande wangu,
mchana kweupe, bila kujificha,
mpaka sindano isome: umetosha.

Nikauliza, kwa mazoea ya kazi,
pungufu hili limetolewa kwa nani?
Maana kilo haziumbwi hewani, Bwana, hilo nalijua,
kila kilo iliyozidi hapa
kuna mtu imempungua kule.

Akanionyesha ubavu wake.

Bati bado linagonga mvua ikinyesha.
Siku hizi nalala. Si kila usiku.
Na goti, asubuhi, likiniuma,
naliacha liume kwanza
ndipo nalipiga chini.