Zamu Yangu, Napiga

Alhamisi usiku, Al Khuwair, ghorofa ya tatu
juu ya duka la matairi. Kiyoyozi kinakohoa.
Dadu la pande ishirini limebingirika
likajificha chini ya sahani ya mishkaki,
na Mundhir, mwongoza mchezo, anauliza kama kawaida:
"Thuwaini, zamu yako. Unafanya nini?"

Napiga.

Kabla yangu Shemsa kayeyusha lango la chuma,
karuka juu ya mto unaochemka,
kamgeuza jemadari wa maadui kuwa mbuzi,
na bado kabakisha uchawi wa kufulia nguo.
Mimi nina upanga. Ngazi ya tisa sasa,
miezi kumi na minne ya Alhamisi,
na nilichoongezewa
ni kupiga mara mbili.

Mundhir kafunga daftari. "Mpiganaji huyu
kaundwa na mtu asiyempenda.
Tumpe mbinu. Vishindo vitatu kwa siku:
cha kupokonya silaha, cha kuangusha, cha kutisha.
Akivimaliza, alale ndipo vimrudie."

"Vitatu kwa siku?" Shemsa kacheka mpaka chai ikamwagika.
"Mchawi huishiwa maneno, sawa.
Bega nalo linasahau kuwa bega?"

"Basi tukupunguze wewe."

Hapo kaivuta karatasi yake kifuani
kama pasipoti mpakani.
"Hunikati mbawa mimi
ili yeye aonekane mrefu."

Ghalib, mhasibu wa Ghubra, keshachora jedwali.
Kwa wastani Thuwaini anajeruhi ishirini na mbili kila zamu,
Shemsa kumi na nane. Mizani iko sawa, kasema,
malalamiko hayana msingi.

Yakhe, jedwali lako halijawahi kuingia ikulu!
Wiki iliyopita, saa mbili nzima,
mpiga zumari wetu alizungumza na mfalme habari za vita
nami nimesimama kando kama kabati.
Nikaomba nirushe dadu, nishauri juu ya ngome.
Mkafungua kitabu. Mpiganaji: hakuna.
Makovu yote haya, hakuna.

Muzna alikuwa akimenya chungwa, kimya tangu isha.
"Mnasema mizani, mizani," kasema.
"Katika shairi yupo anayerudi kila ubeti
na maneno yale yale.
Hakuna amwitaye maskini.
Beti zinapita, yeye yuko pale pale,
na kila akirudi kazidi uzito."

Tukanyamaza. Hata kiyoyozi, nusu dakika.

"Lakini," Mundhir kajibu polepole,
"nani alitoka nyumbani kwake
kwenda kusikiliza kibwagizo kitupu?"

Sikuwaambia kwamba wote wawili wamenichoma.
Natoka Fahud, wiki mbili jangwani,
nasoma geji za mabomba tangu alfajiri,
namba inapanda, namba inashuka,
namba ikikosewa mtu haendi kwao.
Nilimchagua mpiganaji kwa sababu hahesabu.
Sitaki vishindo vitatu vya kutunza kama chenji.
Ila urahisi ni jambo moja,
kuambiwa ukae kando ni jingine.

"Sitaki kupiga zaidi," nikasema hatimaye.
"Nataka nikisimama mahali, pajulikane nimesimama."

Mundhir kaitafuta penseli, kaandika pembezoni,
herufi ndogo, kama mtu anayeogopa kufutiwa:
*Mpiganaji akisimama mlangoni, mlango ni wake.*
Hakuna dadu. Hakuna namba.

Saa saba na robo. Kwenye mchezo, uchawi umekwisha,
mbuzi kawa jemadari tena, kavimba kwa hasira,
na nyuma yake askari arubaini.
Shemsa kaanguka, mpiga zumari anamburuta.
"Thuwaini. Zamu yako."

Mdomo ukaanza kwa mazoea, *na...*
nikautazama mlango.

"Nasimama."

Ikapita pumzi moja nzuri, wallahi,
kabla Ghalib hajanyanyua kalamu:
"Huo mlango wenyewe,
upana wake mita ngapi?"