Kilirudi Peke Yake

Kitabu cha serikali kimewapa mstari mmoja:
"Wapagazi wengi pia walifariki."
Pia.

Nikauliza Gredi ya Sita, madirisha wazi,
moshi wa nyama choma ukiingia bila hodi:
Kariokor maana yake nini?
"Soko, mwalimu." "Viondo." "Mbavu za mbuzi!"
Wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Kisha nikalivunja jina ubaoni, vipande viwili:
walivyolitamka wenye amri,
walivyolisikia wenye mizigo kichwani.
Kikosi cha wabebaji. Hapa walipiga kambi,
hapa mnapochezea bano.

Mutheu hakucheka.
Keshoye alikuja na fundo la leso,
ndani yake kisahani cha shaba, tundu moja,
tarakimu nne zilizolika kama sabuni.
"Nyanya hukitundikia funguo za kibanda.
Ni cha babu yake. Kilirudi peke yake."

Kikapita mkono kwa mkono hadi kikapata joto.
Hata Wafubwa, mfalme wa dawati la nyuma,
alikishika kama kifaranga.
Nikainakili nambari ubaoni, polepole.

Ndipo Otiato akainua kidole:
"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Kengele ikaniwahi.

Jioni nilirudi kuchukua koti.
Ubao haukuwa umefutwa.
Chini ya nambari, kwa mwandiko usio wangu,
mtu alikuwa amepiga mstari mtupu,
ule tunaowaachia watahiniwa:

Jina: ..........................