Mafuta ya Neiva

Neiva husoma chupa kwa lenzi
ya marehemu baba yake, fundi saa.
"Mafuta ya mboga," lebo inasema.
Mboga gani? ananiuliza mimi,
kana kwamba niliibandika mwenyewe.

Huku Passo Fundo mboga ni soya.
Kushoto kwa barabara soya, kulia soya.
Soya ni kodi ya nyumba, ni viatu vya Jandira,
nami ndiye dereva wa mashine inayoivuna.
Narudi na vumbi lake kwenye nyusi.

Tumbo lake halijali nani analipa kodi.
Kijiko kimoja tu, na usiku kucha
yuko sakafuni bafuni, magoti kifuani,
anahesabu vigae. Mia na kumi na viwili;
kimoja kimepasuka.

Jumapili, sikukuu ya kanisa,
mama yangu anakaanga sambusa za jibini.
"Onja, mwanangu, kidogo hakiui."
Neiva anatabasamu, anafungua mkoba,
anatoa kikaango chake, kopo la shahamu ya nguruwe,
mwiko uliofungwa kwa kitambaa.
Meza nzima kimya.
Mtu anawasha jiko la pili.

Mama anaitazama shahamu ikiyeyuka,
ananusa mara moja, ananusa tena.
"Bibi yako alikaanga hivi," ananiambia,
"kabla ya hizi chupa."
Anasogeza sahani yake.

Mimi nimesimama kando, karibu na mlango.
Sijaosha nyusi.