Sekunde Kumi na Moja

Joinville mvua hainyeshi, inaishi.
Ina chumba chake, ina funguo zake,
na asubuhi niliyofika kutoka São Paulo
ndiyo iliyonilaki mlangoni mwa kiwanda
kabla ya mlinzi.

Nilikuja na saa ya kupimia shingoni
na karatasi za kunata za rangi nne.
"Hapa tunatengeneza kompresa,"
alisema Dalmo, meneja wa uzalishaji,
"ile nyeusi mgongoni mwa jokofu
inayokushtua usiku ukadhani mwizi."

Siku tisa nikabandika ukuta mzima:
njano kwa hatua, buluu kwa maamuzi,
kijani kwa fedha, nyekundu kwa taka.
Taka, katika kazi yangu, si uchafu.
Ni chochote ambacho mteja hakilipii.

Kituo cha thelathini na nne
nikamkuta Nilsete Kuhnen,
miaka ishirini na sita mbele ya mkanda uleule,
koti lake la mvua likichuruzika msumarini.
Kompresa ikifika huiwekea kiganja
kama anayepima homa ya mtoto,
huinamisha kichwa, hufumba jicho moja,
kisha huiachia iende.
Au haiachii.
Sekunde kumi na moja.

"Unafanya nini hapo?"
"Naisikiliza."

Nikabandika nyekundu.

Wiki hiyohiyo, ghorofa ya tatu, walikuwa wakipanga vipaji:
jedwali la visanduku tisa,
nyuso za watu ndogo kama stempu,
nyota juu kulia, na kule chini kushoto
Nilsete, aliyepigwa picha akiwa amefumba macho.
Hana shahada. Hasemi mikutanoni.
*Amefika kikomo cha uwezo wake.*
Tainá, mgeni idarani, aliuliza: uwezo wa nini?
Lakini chakula cha mchana kilikuwa kimeshafika.

Tukaziondoa zile sekunde.
Tukafunga kihisi chenye kitaa cha kijani,
mkanda ukakimbia, grafu ikapanda,
Dalmo akakata keki mbele ya wakurugenzi.
Pakacha likivuja, nafuu ya mchukuzi:
tulitembea wepesi kweli, mwezi mzima.

Nilsete walimpeleka kufunga maboksi.
Akaandika barua ya mistari miwili,
akapanda baiskeli yake.

Mwezi wa tano majokofu yakaanza kurudi.
Kutoka Recife, kutoka Manaus,
yakiwa na maziwa yaliyoganda na matusi yaliyoandikwa kwa kalamu nene.
Kitaa kilikuwa kijani kwa kila moja.
Nikaitwa tena.
Nikasimama mbele ya ukuta wangu wa rangi
nikitafuta nilipokosea, na hesabu ilikuwa sahihi,
hesabu yote ilikuwa sahihi:
nilikuwa nimepima mkono,
sikupima ulichokuwa ukijua.

Nyumba yake iko nyuma ya kiwanda cha nguo.
Nilimkuta barazani amepiga magoti
nyuma ya jokofu la jirani,
bisibisi mdomoni.
Nikaanza hotuba niliyoandikiwa:
cheo kipya, mkufunzi mkuu,
vijana wanne kila muhula, mshahara wa kueleweka,
kisanduku kingine, juu kidogo...

Akainua kidole. Nyamaza.

Akaweka kiganja kwenye bati la mgongo,
akainamisha kichwa, akafumba jicho.
Nikahesabu kimoyomoyo, ugonjwa wa kazi,
nikapotea kwenye saba
kwa sababu nilikuwa nimeanza kusikia kitu
chini ya ngurumo,
mkwaruzo mwembamba, kama ukucha juu ya sahani.

"Umekisikia?"
"Nimekisikia," nikasema, na koo likanikaza.

"Hiyo ni mvua kwenye mfereji," akasema Nilsete.
Akakivuta kigoda cha pili kwa mguu.
"Kaa. Na hiyo saa
itundike pale, pamoja na koti."