Mita Nne za Waya

Ukumbi wa orofa ya pili, chuoni Tudor,
mita ishirini na nne, mlango hadi dirisha.
Tuliupima kwa futi ya fundi, mara tatu,
Mbodze akishika ncha, mimi nikisoma.

Kioo kilitoka kwa kinyozi wa Makupa
aliyefunga duka. Pembeni kimeliwa na chumvi
kama kila kitu hapa: bawaba, kufuli,
lenzi isiyofutwa wiki mbili.
Mbodze akakipangusa kwa upindo wa leso,
akaenda kusimama nacho kule mwisho.
"Nimeupata?"
"Bado. Kushoto. Rudi. Hapo hapo, usipumue."

Doa jekundu likamtua begani,
likateleza, likaingia kiooni,
likanirudia kabla sijasema limekwenda.

Kwenye skrini, vilima viwili vya kijani:
kimoja cha kuondoka, kimoja cha kurudi,
na kati yao nanosekunde mia na themanini,
muda ambao hata kope haiujui.

Tukagawanya. Laki mbili na sitini na saba elfu,
kilomita kwa sekunde.
Mwalimu Shekuwe akacheka hadi miwani ikamteleza:
"Kumbe mwanga wa Tudor nao
hukwama foleni ya Kibarani?"

Tukapima tena. Umeme ukakatika. Ukarudi. Tukapima.
Laki mbili, sitini na saba.
Kosa lenye adabu: halipandi, halishuki,
limekaa tu, lingojea kuulizwa jina.

Mbodze ndiye aliyeinama chini ya meza
akavuta waya wa pili, mrefu kuliko mwenzake
kwa mita nne, zimekunjwa, zimefungwa uzi.
Muuzaji wa Mwembe Tayari alikataa kuukata.
"Nanosekunde ishirini zimo humu," akasema.
"Tumezinunua wenyewe. Risiti ninayo."

Mia na sitini, basi. Laki tatu,
ongeza au toa elfu saba.
Mwanga haukuchelewa hata mara moja.

Nikamtazama kule mwisho wa ukumbi, kioo mikononi:
huyo nimwonaye amekwisha kupita
kwa nanosekunde themanini,
na mimi neno langu kwake lina miaka miwili njiani.
Sijui waya wangu umekunjwa chini ya meza gani.

Alasiri alikishusha kioo ngazini,
jua likiruka humo, ukutani, darini, usoni mwangu.
"Ushaandika kosa letu?" akauliza bila kugeuka.
"Naandika," nikasema,
kalamu ikiwa bado mfukoni.