Ukurasa wa Kumi na Nne

Aliingia dukani kwangu Kibokoni Jumanne,
suti ya kijivu, vumbi la Nimule kwenye mshono wa kiatu.
Jina lake Lokule. Begani mkoba,
mkobani nchi nzima: kurasa sitini na nne
kwa mwandiko wa penseli.

"Nataka kitabu cha watalii," akasema.
Mashine ilikuwa ikinguruma, nikadhani sikusikia.
"Cha nani?"
"Watalii."
Nikaizima mashine.

Nchi yake sisi twaijua kwa shehena.
Ndugu yangu Athmani ni karani Kilindini,
yeye huisoma kwa makasha:
unga, vyandarua, magari meupe yenye milingoti ya redio,
na usiku mmoja kitu kizito chini ya turubai,
hati zikisema ni trekta.
"Trekta gani," aliniuliza, "lalindwa na askari wanane?"

Nikapanga herufi. Mimi, ambaye sijapita Voi,
nikaupanda mlima Kinyeti kwa vidole,
nikawaona swara wa Boma wakimwagika
kama mtama kwenye gunia lililopasuka,
nikasimama Nimule pale mto unapobanwa na mawe
ukafoka kama mama mkwe aliyekosewa adabu.
Nikalala kambi ya ng'ombe, majivu ya samadi usoni kuzuia mbu,
pembe zimesimama juu yangu kama dua.

Historia aliipa kurasa mbili tu:
Torit, mwaka wa hamsini na tano,
kisha tarehe, tarehe, amani, tarehe.
"Mbili zatosha?"
"Mgeni huja kutazama mbele," alisema.
"Nikiandika yote, atatembea akitazama chini."
Lakini Deim Zubeir hakuiacha,
pale watumwa walipofungiwa wakingoja njia ya kaskazini.
Neno hilo nililipanga polepole, bila kumtazama usoni.
Nasi tunayo Shimoni.

"Jalada liwe buluu."
"Buluu? Nchi isiyo na bahari?"
Akacheka, mara ya kwanza.
"Tunayo Sudd. Maji yaliyosahau njia, lakini ni maji."

Ijumaa akapiga simu.
"Futa ukurasa wa kumi na nne. Ile nyumba ya wageni."
"Imefungwa?"
"Imeungua."
Jumatatu, wa ishirini na mbili: daraja.
Alhamisi, wa thelathini:
"Yule kijana wa kuongoza wageni. Namba yake ya simu. Itoe."
Sikuuliza.

Kazi ya chapa haina huruma.
Karatasi moja kubwa hukunjwa ikazaa kurasa kumi na sita,
huwezi kung'oa mmoja na mwenzake asilegee.
Nikamweleza. Nikamshauri tujaze matangazo,
ya soda, ya benki.
Akanyamaza hata nikaisikia feni ya chumba chake Mwembe Tayari.
"Acha tupu. Namba ibaki, na kichwa kibaki.
Nitalipia hata wino usioutia."

Katoni kumi na moja zilipakiwa Changamwe,
juu ya simenti, kwa dereva mwenye jino la dhahabu
aliyeapa kufika Elegu kabla ya mvua.
Lokule akapanda mbele,
akanipungia kwa nakala aliyoikunja kama kipepeo cha joto.

Ni Machi mbili sasa.
Nakala yangu iko rafuni, kando ya mkebe wa gundi.
Wateja wa kadi za harusi huifungua wakingoja hesabu,
wakifika kumi na nne huuinua kwenye taa,
huugeuza, huniuliza kama wino uliisha.

Nawaambia haukuisha.
Juu pameandikwa: Mahali pa Kulala, Malakal.
Chini ni karatasi nyeupe, gramu themanini,
ambapo mtoto wa mteja mmoja, mama yake akibishana bei,
alichora kitanda kwa kalamu nyekundu,
na mto, na mtu hayupo.
Mama akaomba radhi, akatafuta kifutio.
Nikamwambia wacha.