Mstari wa Magoti

Saa kumi mvua ya Kisumu hugonga mabati
bila kuomba ruhusa. Niko ghorofa ya pili, Kibuye,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
najaza fomu.

Kisanduku cha nne: *Eleza, kwa maneno yasiyozidi mia mbili,
mradi wako unachangia malengo yapi.*
Malengo ni kumi na saba, kila moja na rangi yake,
yamebandikwa ukutani kama sampuli za rangi za nyumba.
Nimeyatazama miaka mitatu.
Hakuna hata moja lililoandikwa bomu.

Mwaka juzi niliandika bomu.
Niliandika mguu, niliandika mtoto, niliandika mbuzi
aliyerushwa hewani pamoja na kamba yake.
Jibu lilikuja na salamu nyingi: fungu hilo limekauka.
Mshauri, mtu wa tai na sauti ya chini, akanivuta kando:
"Khaemba, bomu limewachosha watu.
Andika mahindi. Andika kisima."
Nikaandika. Nikajiona kama mchuuzi
anayempaka samaki wa jana mafuta
ili macho yang'ae.

Nafula, binti ya shangazi, mzaliwa wa Chwele,
yuko ng'ambo ya mpaka, kapiga magoti tangu alfajiri,
anaupapasa udongo kama anayetafuta sindano
kwenye godoro la mgonjwa aliyelala.
Mtandao ukishika, hunitumia ujumbe:
*Leo mita kumi na moja. Vizibo sita vya soda,
msumari, mkebe wa dagaa.
Na moja.*

Hivyo tu. Na moja.
Nami hukaa na hilo neno hadi chai inapoa.

Nikamwuliza: haya mahindi yangu, ni uongo?
Siku mbili kimya. Halafu:
*Kuna mama husimama nje ya kamba nyekundu kila asubuhi,
jembe begani. Hajawahi kuniuliza habari za bomu.
Huuliza, mvua itanikuta nimepanda?*

Basi nikafuta yote, nikaanza na jembe lile.
Nikaweka njia ya kisimani, hatua mia tatu na arobaini,
ambayo wasichana huikwepa kwa kuzunguka kilima,
na kengele ya shule huwa imeshalia.
Mita moja ya udongo safi, katika hesabu zangu,
ni bei ya kilo moja na nusu ya sukari.
Niliirudia hesabu hiyo mara nne. Nilitaka iwe kubwa zaidi.

Kisha mhasibu wao akaandika:
*Mlitumia wiki tatu kwenye uwanja wa shule
na ripoti yasema hamkupata kitu.
Thamani ya fedha iko wapi?*

Bwana, huko kutopata kitu ndiko tunakouza.
Mpira ukitoka nje ya mstari, mtoto ataukimbilia
na mwalimu hatapiga yowe.
Nitafutie kisanduku cha yowe lisilopigwa,
nami nitakijaza kwa mwandiko mzuri.

(Sikuituma hiyo. Niliandika: *Tazama kiambatisho cha tatu.*)

Pedi za magoti, jozi kumi na nne.
Mstari huo waliukata mara mbili:
*si wa lazima.* Safari hii nimeuhamishia
lengo la nane, kazi yenye staha,
katikati ya bima na mafunzo, ukae kimya
kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda.
Nafula ana miaka thelathini na sita.
Akiinuka, magoti yake hulia kama kuni mbichi.

Usiku nakatiza majani kuelekea Manyatta.
Yamefika kiunoni, yamelowa, sioni ninapokanyaga,
na mguu wangu unakwenda tu,
haumwulizi mtu.
Nimesimama katikati, nimeona haya.

Simu inawaka mfukoni.
*Leo mita tisa. Hakuna kitu.
Mama amepanda safu mbili za kwanza.*